Ukoka wa Jumbe Nyati

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hapana. Hiyo ni pakawa ya watu wanaotaka kulala. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Wewe Mwantumu, msogeze mdogo wako, yuko karibu mno na moto. Na nyie wakubwa mnaonong'ona huko nyuma, kama mmekuja kucheka, leo mmekosea nyumba. Hadithi yangu ya leo haina kicheko kingi.

Hapo kale, kale ya mbali kabisa, wanyama walikuwa wanalima. Walikuwa na mji wao bondeni, jina lake Magandini. Na chakula chao kilikuwa boga. Boga la kuchemsha, boga la nazi, uji wa boga, mbegu za boga za kukaanga. Ukiingia jikoni mwa mtu ukakosa boga, ujue mwenye nyumba ana shida.

Nyuma ya kila nyumba kulikuwa na kichaka. Mkole, kivumbasi, mtunguja, mgagani, mchunga, na yale mashona nguo, mnayajua, ukipita yanakung'ang'ania mpaka unalala nayo kitandani. Hakuna aliyeyapanda. Yalikuwepo tu, yanachanua, na ndani yake nyuki, vuuum, vuuum, kutwa nzima.

Mkubwa wa mji alikuwa Nyati. Jumbe Nyati. Mkubwa wa mwili, mkubwa wa sauti, na hasira ziko puani. Lakini alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Mbaruku, na kwa Mbaruku alikuwa laini. Mtoto anampanda kichwani, anamvuta masikio, Jumbe anacheka tu.

Siku moja Mbaruku akaingia kichakani kutafuta matunda ya mkole. Nyoka akamuuma. Wakamtoa amevimba mguu, wakambeba mbio, hata nyumbani hawakufika naye akiwa hai.

Jumbe Nyati alilia. Usione dume kubwa, alilia mpaka akalala chini na kupiga pembe kwenye mchanga.

Sasa sikilizeni hili. Magandini walikuwa na desturi yao. Siku ya kuanua matanga, msiba unapokwisha na watu wanataka kurudi makwao, mfiwa anasimama katikati ya uwanja, anaomba jambo moja. Moja tu. Na akishalitamka, hakuna wa kulikataa. Awe mkubwa, awe mdogo. Walisema mtu aliyezika hakatazwi kitu.

Siku hiyo Jumbe Nyati akasimama.

"Naomba vichaka vyote vifyekwe," akasema. "Vyote! Nisione jani linalozidi kwato. Tupande ukoka mji mzima, mfupi, safi, ili nyoka akipita tumwone. Nisimzike mtoto mwingine mimi."

Wakaitikia, "Ndiyo, Jumbe." Wangesema nini?

Kesho yake miundu ikatoka. Fyee! Fyee! Fyee! Ngiri, tarishi wa Jumbe, alikuwa mbele na meno yake, anachimbua mizizi, chaku, chaku, chaku. Mkole chini. Kivumbasi chini. Mgagani chini. Wakafyeka mpaka mwisho wa mji. Na yule nyoka, jamani, hawakumwona. Alishakwenda zake siku ile ile.

Wakapanda ukoka. Mvua ikanyesha, ukoka ukatambaa, ukashika. Magandini ikawa kijani, laini, imelala chini. Wageni wakipita wanasifu, "Ee, mji msafi huu!" Jumbe akitoka asubuhi anautazama, anashusha pumzi.

Nyuki wakaja kwake. Mkubwa wao akatua kwenye nguzo ya baraza.

"Hodi."

"Karibu."

"Pole na msiba, Jumbe."

"Nimeshapoa."

"Jumbe, tumetafuta maua mji mzima. Hatuoni. Sisi na watoto wetu tule nini?"

"Si huo ukoka?"

"Ukoka hautupi kitu, Jumbe."

"Mabawa mnayo," akasema Nyati. "Dunia ni kubwa."

Nyuki akarudi kwa wenzake. Siku ile ile wakaondoka, wingu zima, vuuuuum, wakavuka mlima. Vipepeo wakafuata. Mji ukawa kimya. Na nani aliyejali? Watu walisema afadhali, hakuna tena wa kutuuma.

Pembeni ya mji alikuwepo Bi Paa. Mdogo wa mwili, mwembamba wa miguu, mjane. Mumewe alichukuliwa na chui yeye akiwa na mimba. Kabla ya mimba hiyo alikaa miaka bila mtoto, akakata tamaa, halafu akajaliwa binti, akamwita Sikudhani. Basi huyo Sikudhani ndiye alikuwa kila kitu chake. Akikohoa, mama yuko macho. Akicheka, mama naye anacheka hata hajui kisa.

Mtoto huyo mbu walikuwa wanampenda. Ndiyo maana Bi Paa, siku ya kufyeka, aliacha shina moja la kivumbasi nyuma ya jiko lake. Moja. Akaliegemezea ungo kuukuu lisionekane. Kila jioni anachuma majani, anayasugua kitandani kwa mtoto, mbu wanakimbia. Hakuwa na hila nyingine. Na kwenye tundu la mwimo wa mlango wa jiko walikuwa wamebaki nyuki wachache, wale wadogo wadogo wasiouma, hata yeye hakuwatilia maanani.

Msimu wa maboga ukafika. Magandini yote maboga yakatambaa, yakatoa maua, manjano, makubwa, mazuri. Watu wakangoja. Ua linafumbuka alfajiri, jua likipanda linafunga. Kesho linanyauka. Keshokutwa, tap! limeanguka. Hakuna boga. Shamba la huyu hakuna. Shamba la yule hakuna.

Lakini kwa Bi Paa, kila asubuhi Sikudhani anatoka, anachuchumaa kwenye maboga, anaimba. Nikiimba mimi, nyie mniitikie "vuuum." Sawa? Haya.

*Ua, ua, fumbua,*

Vuuum!

*mgeni wako yu njiani.*

Vuuum!

*Ua, ua, usifunge,*

Vuuum!

*mama hana kitu jikoni.*

Vuuum!

Hivyo hivyo! Na kwa Bi Paa boga likafunga, likaanza kuvimba. Moja, likafuata lingine. Madogo, lakini maboga.

Watu wakaona. Eh! Mji mzima njaa, kwa Bi Paa moshi wa jikoni unapanda!

Nyati hakusikia njaa, msinielewe vibaya. Nyati, Ngiri, wenye matumbo makubwa, walijitafunia ukoka wakashiba. Lakini mnyama mdogo hawezi. Paa akila ukoka unamfunga tumbo. Kanga naye ataupeleka wapi? Wadogo ndio waliokonda.

Bi Kanga alikuwa jirani na shoga yake Bi Paa. Wanaombana chumvi, wanasukana, wanatetana. Vifaranga wake walikuwa wanalia njaa, na hapo mbele ya macho yake anaona boga la mwenzake linavimba siku hata siku. Roho ikamuuma. Angekwenda akaomba, Bi Paa angemkatia kipande, wallahi angemkatia. Hakwenda. Alikwenda kwa Ngiri.

"Ngiri, baba, hivi wewe huoni?"

"Nione nini?"

"Sote hatuna, yeye anayo. Boga langu linaanguka, lake linafunga. Yangu yanakwenda wapi?"

Ngiri akatega sikio.

"Ni chuma ulete," akasema Bi Kanga. "Anavuta mazao yetu kwa dawa. Na dawa nimeiona kwa macho yangu, ameifunika na ungo nyuma ya jiko!"

Loo! Neno hilo halikai. Halikufika jioni, mji mzima wanalo. Wakaja na marungu na kijinga cha moto, na Ngiri mbele. Bi Paa anapepeta, anashtuka watu wamejaa uani.

"Toa dawa yako!"

"Dawa gani, jamani?"

Ngiri akaupiga ungo, paa! Kivumbasi hicho. Kimechanua, kinanukia.

"Hiki nini?"

"Ni cha mbu," akasema Bi Paa. "Cha mtoto. Kanga, shoga, si unajua? Waambie. Si wewe mwenyewe nilikuwa nakuchumia?"

Bi Kanga akaangalia miguu yake.

Chaku! Kikang'oka. Wakakitia moto hapo hapo uani. Na maboga yaliyokuwa yamekomaa wakayabeba, wakagawana, wakasema wanarudisha mali yao.

Walipokwisha kuondoka, wale nyuki wadogo wakatoka kwenye mwimo. Wakazunguka juu ya majivu. Mmoja akatua karibu na Bi Paa.

"Bi Paa, tunakuaga."

"Hata nyie?"

"Hapa ndipo tulipokuwa tunakula. Maua ya maboga yako yanafumbuka siku chache tu kwa mwaka. Siku nyingine zote kilikuwa kinatulisha kivumbasi hiki. Asubuhi tukitoka hapa tunapita kwenye maboga, tunalitoa vumbi ua dume, tunalipaka ua jike. Ndiyo yanafunga."

Bi Paa akaduwaa. "Kumbe ni nyie?"

"Ni sisi. Na wenzetu waliofukuzwa."

"Mkienda, maboga yangu yatakuwaje?"

"Yatatoa maua."

"Na baada ya maua?"

Nyuki yule akainuka, akajiunga na wenzake. Wakaruka, wakavuka mlima.

Bi Paa hakungoja. Alikwenda mbio hadi barazani kwa Jumbe, hata kilemba hakufunga vizuri.

"Jumbe, ni nyuki! Si uchawi. Ukoka umewafukuza nyuki, ndiyo maana hatupati boga. Nipe ruhusa nipande kichaka nyuma ya nyumba yangu. Kidogo tu. Upana wa mkeka."

Nyati akatazama upande wa kaburi. Halafu akasema, "Mwanangu alikufa kwa kichaka."

"Najua, Jumbe. Nililia na wewe. Lakini wangu bado yu hai, ana njaa."

"Ukoka huu niliuomba siku ya kuanua matanga. Hauondoki kwa maneno ya barazani." Akageuza uso. "Ombi la msiba wa mumeo ulishaomba, Bi Paa, na msiba mwingine hujapata. Siku yako ya kuomba ikifika, utaomba."

Mmesikia? Alimwambia mama mwenye mtoto maneno hayo. Bi Paa alirudi kwake.

Akaanza kuhangaika. Alikwenda kuchimba mizizi mbali, akarudi na vijizizi vichungu. Alichuma majani ya maboga, akachemsha, wakala. Majani machanga yakaisha. Alimpa Sikudhani chakula chote, akasema mimi nimeshiba, mwanangu, nimekula nilipokuwa njiani. Sikudhani akawa anabakiza kidogo kwenye sahani na kusema na yeye ameshiba. Mama na mtoto wanadanganyana hivyo, na sahani iko katikati.

Na kila asubuhi Sikudhani anatoka. Kwanza alitoka anaruka. Baadaye akawa anatoka anashika ukuta. Mwishoni mama anambeba, anamweka kwenye maboga, kwa sababu akikataa kumbeba mtoto analia. Anaimba, sauti ndogo.

*Ua, ua, fumbua,*

Hapana. Msiitikie. Nyamazeni.

*mgeni wako yu njiani.*

Hawakuja, wanangu. Ua limefumbuka, limengoja, jua limepanda, limefunga.

Asubuhi moja Bi Paa alimweka mtoto, akaenda kuchota maji. Aliporudi Sikudhani alikuwa amelaza kichwa kwenye majani ya maboga. Bi Paa akamwita. Akamwita tena. Akaweka mtungi chini polepole, akakaa, akampakata, akaendelea kumwita hata alipokuwa ameshajua.

Wewe mama hapo, lia tu. Mimi mwenyewe hapa pananishinda.

Wakamzika. Watu wakaja matangani, wamekonda, wamekaa hawana cha kupika. Bi Kanga alikuja, akakaa mlangoni, hakuthubutu kuingia. Na yeye alikuwa amezika kifaranga wake juzi yake.

Siku ya kuanua matanga ikafika. Uwanja umejaa. Bi Paa akasimama katikati, kanga yake nyeusi imemzidi mwili. Jumbe Nyati amekaa kwenye kiti chake. Watu wanasema chini kwa chini, ataomba nini? Ataomba Kanga afukuzwe. Ataomba Ngiri apigwe.

"Jumbe," akasema Bi Paa, "naomba ukoka ung'olewe. Mji mzima. Kirudi kichaka chetu, mimea ile ile, nyuma ya kila nyumba. Na wewe ndiye uanze, kwa pembe zako, mbele ya mlango wako."

Watu wakageuka kumtazama Jumbe.

"Bi Paa," akasema Nyati, "Mbaruku amelala chini ya ukoka huo."

"Nilikuja barazani kwako mtoto wangu akiwa hai," akasema Bi Paa. "Ukaniambia siku yangu ya kuomba ikifika nitaomba. Imefika, Jumbe. Ndiyo hii."

Jumbe Nyati alisimama. Alitembea mpaka mlangoni kwake, watu wote wanamtazama. Akainama, akatia pembe kwenye ukoka, raaa! Ukapasuka. Akatia tena, raaa! Akaendelea mpaka damu ikamtoka puani, na alipofika kwenye kaburi la mwanawe akapiga magoti, akaung'oa kwa mdomo, kidogo kidogo. Alikuwa analia waziwazi na hakujificha.

Lakini kung'oa si kupanda. Mbegu ziko wapi? Magandini nzima hakuna mbegu ya mkole, hakuna ya kivumbasi. Walichoma vyote kwa mikono yao. Ikabidi wavuke mlima, kwenye pori ambako hakuna aliyefyeka.

Na walizibebaje? Kwa miili yao. Jumbe Nyati aliingia kwenye mashona nguo akagaagaa, akatoka manyoya yote yamejaa miiba myeusi, anawashwa, hajikuni. Akatembea nayo safari nzima, akaja kujisugua kwenye udongo wa nyumbani. Ngiri aliviringika kwenye tope lenye mbegu za mgagani, akarudi amegandwa nalo. Bi Kanga alimfuata Bi Paa njiani.

"Shoga, nisamehe."

Bi Paa hakusimama.

"Shoga, nipige basi. Nitukane."

"Mkole ule pale umeiva," akasema Bi Paa. "Kula tunda, meza na kokwa. Jaza tumbo, urudi ukazitoe kila uani. Usinililie mimi, sina pa kukuweka."

Bi Kanga akala, analia huku anameza. Akarudi, akazitoa mbegu kila ua, na ua wa Bi Paa akaupitia mara nyingi kuliko mwingine wowote.

Mnadhani nyuki walikuja siku hiyo hiyo? Thubutu! Kichaka hakioti kwa kuwa umejuta. Msimu ule ulipita bila boga. Nungunungu mzee akafa. Mtoto wa Kima akafa. Wengine wakahama, mpaka leo hawajulikani walipo. Waliobaki walikula mizizi, walimwagilia mimea, na kila asubuhi wanatazama upande wa mlima. Jumbe mwenyewe alikuwa anachota maji kwa mtungi ule mdogo wa Bi Paa, na wala hakuna aliyemcheka.

Kivumbasi kikachanua kwanza. Halafu mchunga. Halafu mashona nguo, meupe, tele, yanashika nguo za kila mtu, na hakuna aliyelalamika. Maboga yalikuwa yameanza kutambaa tena. Asubuhi moja Bi Paa anafagia uani akasikia. Kidogo sana. Vuuum. Akaacha ufagio. Vuuum. Nyuki mmoja, amechoka, ana vumbi la njiani. Akaingia kwenye kivumbasi. Kutoka hapo akaingia kwenye ua la boga. Bi Paa alikaa chini pale pale, akajifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika.

Maboga yakafunga, Magandini nzima. La kwanza kukomaa lilikuwa kwa Bi Paa. Akalikata, akaliunga kwa nazi, likaiva, harufu ikajaa njia. Akatoa sufuria nje, akawaita watoto wote wa mji. Wakaja mbio, vifaranga wa Bi Kanga nao wakaja, wamesimama mbali wanaogopa.

"Njooni," akawaambia. "Njooni na nyie mle."

Akapakua, akapakua, mpaka akakwangua sufuria. Watoto wakala wakalamba vidole. Mmoja wa wale vifaranga akamuuliza, "Bibi, na wewe?"

"Mimi nimeshiba, mwanangu," akasema Bi Paa. "Nimekula nilipokuwa njiani."

Haya. Ninachowaambia ni hiki, na nakisema wazi ili asiwepo wa kusema hakuelewa. Usifyeke kitu ambacho hujui kinamlisha nani, maana huenda kinamlisha mtoto wako. Na mwenzako akija kwako analia na mtoto wake bado anapumua, msikilize siku hiyo hiyo. Usimngojee azike ndiyo umpe haki ya kusema.

Hadithi yangu imefika mwisho wake, na mimi sauti imekwisha. Mwantumu, mchukue mdogo wako, mkalale.